Baada ya kosa la dawa, wodi ibadilishe nini zaidi ya "muwe makini"?

Kaunta_ya_Dawa aliuliza:

Habari za kazi wadau. Naomba tujadili jambo hili kwa kina, hasa wauguzi, wafamasia na watu wa vitengo vya ubora.

Tuchukue wodi ya kawaida ya magonjwa ya ndani: vitanda 30, wauguzi wawili usiku. Ndani ya miezi 3 fomu za matukio zinaonyesha mambo matatu. Ampuli ya potasiamu kloraidi imeshikwa badala ya maji ya kuchanganyia dawa, ikagundulika kabla haijachomwa. Insulini ya yuniti 10 imevutwa mara kumi zaidi. Antibayotiki ya mgonjwa mmoja imekwenda kwa mwenzake wa jina linalofanana. Ripoti zote tatu zinaishia palepale: mhusika hakuwa makini, amepewa onyo, wote wakumbushwe taratibu, semina iandaliwe.

Semina zinafanyika, na makosa yaleyale yanajirudia kwa watu wengine kabisa. Sasa nauliza: ukitaka kurekebisha mfumo badala ya kumrekebisha mtu, unaanza kushika wapi? Nini hasa kinahamishwa, kinafungwa au kinaandikwa upya? Na baada ya miezi kadhaa utajuaje kwamba hali imebadilika kweli, isije ikawa watu wameacha tu kujaza fomu? Naomba majibu yenye vipimo. Nadharia tunazo za kutosha.

---

Mfamasia_Mzani:

Nianze na potasiamu, kwa sababu hiyo inaua kwa dakika chache, na katika hayo matatu ndiyo rahisi kuliko yote kuizuia.

Ampuli ya potasiamu kloraidi ya 15% ina mililita 10, na ndani yake gramu 1.5, yaani milimoli 20. Dawa yenyewe haina rangi, na mara nyingi umbo la ampuli ni lilelile la ampuli ya mililita 10 ya salaini au ya maji ya sindano. Mtu anayechanganya antibayotiki ya sita saa 9 usiku hasomi lebo herufi kwa herufi. Mkono unakwenda palipozoeleka, jicho linaridhika na umbo na ukubwa, kisha ubongo unasoma kile ulichotarajia kukikuta. Hivyo ndivyo ubongo wa kila binadamu unavyofanya kazi, wa bingwa na wa mwanafunzi. Milimoli 20 zikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa, moyo unaweza kusimama hapohapo. Kwa hiyo msibishane na jicho. Iondoeni ampuli wodini.

Si wazo jipya. Shirika la Afya Duniani liliiweka hatua hii kwenye suluhisho zake za usalama wa mgonjwa mwaka 2007. Utekelezaji wake uko hivi: wodi inapewa mifuko iliyokwisha kuchanganywa kiwandani au famasi, kwa mfano milimoli 20 au 40 ndani ya lita moja, na daktari anaandika kwa kufuata mifuko iliyopo. Ampuli zinabaki kwa wagonjwa mahututi tu, kwenye kabati lenye kufuli, ndani ya sanduku lake lenye mfuniko, na pembeni yake pasiwe na ampuli nyingine yoyote ya mililita 10. Kuibandika stika nyekundu na kuiacha kwenye droo ileile hakusaidii kitu. Baada ya wiki mbili jicho limeshaizoea stika.

Kama hakuna namna na lazima mchanganyo ufanyike wodini, basi mfuko ulale mezani, usiwe umetundikwa. Choma dawa ndani yake, geuza juu chini angalau mara 10, bandika lebo, ndipo utundike. Potasiamu kali ni nzito kuliko majimaji ya dripu. Ukiichoma kwenye mfuko unaoning'inia inatuama chini, karibu na mrija, na mgonjwa anapokea sehemu kubwa ya dozi katika dakika za mwanzo. Hapo hesabu kwenye chati ni sahihi na muuguzi hajakosea dawa, ila mgonjwa anaumia. Kwa mshipa wa mkono, ukomo wa kawaida ni milimoli 40 kwa lita na kasi isiyozidi milimoli 10 kwa saa. Ukipita hapo, mgonjwa awe kwenye monita ya moyo.

Wengi wanakwama kwenye hatua inayofuata. Ampuli zimeondolewa, famasi inafungwa saa 11 jioni, halafu saa 8 usiku majibu ya maabara yanasoma potasiamu 2.4, yaani chini mno. Wiki haiishi utakuta ampuli nne zimefichwa kwenye droo ya glavu. Wasilaumiwe: wamezibiwa njia bila kuonyeshwa nyingine. Kabla ya kuondoa ampuli hata moja, hakikisha mifuko tayari ya kutosha usiku mzima iko kabatini, na kuna mtu mwenye jukumu la kuihesabu na kuijaza kila asubuhi.

---

Mpima_Kazi:

Mfamasia kamaliza potasiamu. Mimi nieleze kwa nini alichopendekeza kina nguvu na semina haina, maana bila hilo mtajikuta mnachagua suluhisho kwa urahisi wa kuliandika kwenye ripoti.

Hatua za kuzuia makosa hazilingani uzito. Kumwambia mtu awe makini, kumfundisha upya, kubandika tangazo, kuandika sera: zote zinaegemea kumbukumbu na uangalifu wa mtu ambaye tayari kachoka. Orodha za kuhakiki na uhakiki wa watu wawili zina nguvu kidogo zaidi. Zaidi ya hapo ni kusanifisha, mathalani dawa moja kuwa na mkusanyiko mmoja tu (kiasi cha dawa kwa kila mililita) hospitali nzima, au toroli za dharura kupangwa sawasawa kila wodi. Zenye nguvu kuliko zote ni kuiondoa hatari yenyewe au kuweka kizuizi ambacho hata ukilazimisha hakipiti. Chukueni ripoti zenu tatu mpange mapendekezo yake kwenye ngazi hiyo. Yote yataangukia daraja la chini.

Taaluma hii ilianzia mbali na hospitali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wanakunja magurudumu na ndege inalalia tumbo. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliingia chumba cha rubani na kukuta swichi ya magurudumu na ya mabapa ya mabawa zinafanana na zimekaa jirani. Akazitofautisha kwa umbo: moja ikapewa kichwa cha mviringo kama gurudumu, nyingine kichwa cha kabari, ili kidole kijue bila jicho kuangalia. Ampuli mbili za umbo moja kwenye droo moja ni swichi zilezile.

Kuchunguza tukio, tumieni mfumo wa SEIPS uliotolewa na Pascale Carayon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison mwaka 2006. Unawalazimisha muulize mambo matano kabla hamjaandika neno "uzembe": mtu mwenyewe, kazi aliyokuwa akiifanya, vifaa, mazingira, na uongozi wa kazi kwa maana ya ratiba, idadi ya watumishi na ugavi. Nyaraka nyingi zinajibu la kwanza peke yake.

Kisha nendeni mkaangalie. Fomu inaeleza kazi jinsi inavyodhaniwa kufanyika. Simama pembeni ya kaunta ya dawa kwa saa mbili na karatasi, bila kumsahihisha mtu, na uandike kila muuguzi anapokatizwa: nani kamkatiza, kwa jambo gani, alikuwa hatua gani. Utafiti wa Johanna Westbrook na wenzake katika hospitali za Sydney, uliotoka mwaka 2010, ulikuta kila ukatizaji unaambatana na ongezeko la takriban 12% la kukiuka taratibu na kiasi kama hicho cha makosa ya kitabibu. Mnapochambua orodha yenu angalieni vyanzo. Kama ukatizaji mwingi ni "naomba ufunguo wa kabati", dawa yake ni ufunguo wa pili. Kama ni simu ya wodi, ihamisheni mezani kwa karani. Watu wanapenda kununua fulana za "usinisumbue". Matokeo yake ni mchanganyiko, na zinawazuia hata wale wanaokuja kusema mgonjwa wa kitanda cha 12 anashindwa kupumua.

---

Sista_wa_Zamu:

Asante mkuu, hasa hapo kwenye ufunguo. Mimi niingie kwenye insulini na majina.

Insulini ya kawaida ni yuniti 100 kwa kila mililita. Yuniti 10 ni mililita 0.1 tu, tone dogo. Kosa la mara kumi lina milango miwili. Wa kwanza ni mwandiko: "10U" ikisomwa haraka inakuwa 100, kwa sababu herufi U iliyofungwa kidogo juu ni sifuri. Dawa yake ni kuchapa neno "yuniti" kwenye chati yenyewe ili daktari aandike namba peke yake. Tukiwa hapohapo, kwenye dozi za dawa zote andikeni 0.5, msiandike .5, na andikeni 5, msiandike 5.0. Nukta ikififia dozi inaruka mara kumi.

Mlango wa pili ni bomba la sindano. Bomba la insulini limechorwa kwa yuniti, la kawaida limechorwa kwa mililita. Mabomba ya insulini yakiisha, mtu anachukua la mililita 1 au 2, anavuta hadi mstari wa 1, na hiyo ni yuniti 100. Kwa hiyo swali la uchunguzi si "kwa nini hukusoma?" bali "mabomba ya insulini yaliisha lini, na nani alipaswa kujua?" Kila kichupa cha insulini kikae kwenye kisanduku kimoja na mabomba yake. Gawanyeni akiba sehemu mbili: ya mbele inatumika, na siku ya kwanza ya kugusa ya nyuma ndiyo siku ya kuagiza.

Kuna mtego mmoja ripoti nyingi zinaukosa. Mgonjwa mwenye potasiamu ya juu anapewa insulini ya mshipani pamoja na glukosi ili kuishusha potasiamu hiyo. Mabomba mengi ya insulini yana sindano iliyogandishwa humohumo, haitoki, kwa hiyo haliungi kwenye kiunganishi cha kanula, ule mrija mdogo wa mshipani. Muuguzi aliye sahihi kabisa kichwani analazimika kuchukua bomba la kawaida, kwa dharura, tena usiku. Tengenezeni sanduku la kazi hiyo: kichupa cha insulini, bomba la insulini, mfuko wa glukosi 10% wa mililita 250 (hiyo ni gramu 25), lebo, na karatasi ya hatua. Yuniti 10 zinavutwa kwa bomba la insulini, zinachomwa kwenye mfuko, mfuko unageuzwa kuchanganya, dripu inakwenda. Sukari ya mgonjwa ifuatiliwe kwa angalau saa 6, maana inashuka hata pale potasiamu imeshatulia.

Na tafadhali, msivute insulini kutoka kwenye kalamu kwa bomba. Zipo kalamu za yuniti 200 na 300 kwa mililita, na alama za bomba hazilijui hilo.

Kuhusu majina: namba ya kitanda haimtambulishi mtu, inatambulisha kitanda. Tumieni vitambulisho viwili, jina kamili pamoja na namba ya faili au tarehe ya kuzaliwa, na mgonjwa ajitaje mwenyewe. Ukimuuliza "Wewe ndiye fulani?" mtu mwenye usingizi, homa au masikio mazito atasema ndiyo. Lakini kiini ni sinia. Dawa za wagonjwa sita zinaandaliwa pamoja kwa sababu kaunta iko mbali, na hakuna anayeweza kurudi mara sita. Hata mkikataza sinia, kaunta itabaki palepale ilipo. Toroli liende kitandani, dawa ya mgonjwa mmoja iandaliwe, itolewe, isainiwe, ndipo mwingine. Wenye majina yanayofanana wasilazwe jirani, na chati zao zote mbili ziwe na alama.

---

Kaunta_ya_Dawa:

Nawashukuru sana. Hilo la sindano kutotoka kwenye bomba la insulini halimo kwenye ripoti yoyote niliyoisoma.

Swali dogo. Viongozi wengi wakisikia "mfumo" wanaelewa orodha ya kuhakiki na saini ya watu wawili kwa kila dawa. Hilo lina nguvu kiasi gani?

---

Nusukaputi:

Orodha ni kifaa kizuri kinachotumika vibaya. Ile ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Majaribio yake katika hospitali 8 za nchi 8, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha vifo vikishuka kutoka 1.5% hadi 0.8% na madhara mengine kutoka 11% hadi 7%. Halafu mwaka 2014 ukatoka uchambuzi wa hospitali 101 za Ontario, Kanada, baada ya orodha kuanza kutumika kwa agizo, na haukukuta punguzo la maana la vifo. Kwa maoni yangu orodha haifanyi kazi kwa visanduku vyake. Inafanya kazi pale timu inaposimama kweli, watu wanataja majina yao, na muuguzi mdogo kuliko wote anaweza kusema "ngoja kidogo" bila kukaripiwa. Ikijazwa na mtu mmoja pembeni wakati mgonjwa ameshapasuliwa, ni karatasi.

Mkitunga ya kwenu: vipengele vichache vya mambo yanayoua tu, isomwe kwa sauti na asiyefanya kazi yenyewe, iwekwe mahali ambapo kazi husimama yenyewe, na ipimwe kwa saa ya mkononi. Ikizidi dakika moja na nusu, itaanza kurukwa.

Kwa kulinganisha, angalieni kizuizi cha kimaumbile. Mitungi midogo ya gesi kwenye mashine ya usingizi ina matundu shingoni na mashine ina pini. Oksijeni iko nafasi ya 2 na 5, nitrasi oksaidi 3 na 5. Mtungi usio wake haukai, uwe umelala au hujalala. Hata hivyo kizuizi hicho nacho kina tundu: mtu akiweka washa (pete za kuzibia) mbili badala ya moja kati ya mtungi na mashine, pini hazifiki na mtungi wowote unaingia. Kwa hiyo kwenye kukagua mashine, kuhesabu washa ni hatua yake peke yake.

Mfano mwingine ni vinkristini, dawa ya saratani inayochomwa kwenye mshipa. Ikichomwa kwenye uti wa mgongo ni kifo karibu kila mara, na imetokea nchi nyingi, mikononi mwa watu waliofundishwa. Sababu ilikuwa inakuja ndani ya bomba linalofanana na bomba la dawa ya uti wa mgongo, siku moja, chumba kimoja. Iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu wa mililita 50: hakuna anayeweza kuchanganya mfuko na bomba la mgongoni. Vilevile kuna viunganishi vya kiwango cha ISO 80369-6 kwa sindano za mgongoni, ambavyo haviingii kwenye bomba la kawaida. Adui yake ni adapta. Ikipatikana wodini hata moja, mmerudi mlipotoka.

---

Sista_wa_Zamu:

Naongezea kuhusu saini mbili. Kwa wauguzi wawili usiku na vitanda 30, uhakiki wa watu wawili kwa kila dawa hauwezekani. Utakachopata ni saini zilizojazwa kwa mkupuo saa 12 asubuhi. Utengeni kwa dawa chache: insulini ya mshipani, potasiamu, heparini (ya kuzuia damu kuganda), opioidi (dawa kali za maumivu kama mofini), dawa za saratani, na dozi za watoto zinazokokotolewa kwa uzito. Na wa pili ahesabu mwenyewe kuanzia kwenye chati, bila kuonyeshwa jibu. Ukimwambia "ni mililita 0.4, si ndiyo?" umeshamwazima kosa lako.

---

Mchora_Chati:

Kwenye kupima hapa ndipo miradi mingi inajidanganya. Matukio matatu kwa miezi mitatu ni machache mno. Yakishuka kuwa moja, inaweza kuwa bahati tu; yakipanda kuwa matano, inaweza kuwa watu wameanza kuamini fomu. Idadi ya ripoti haikuambii wodi ni salama kiasi gani. Mkianza vizuri, ripoti za makosa yaliyonaswa kabla ya kumfikia mgonjwa zinatakiwa kuongezeka, na kiongozi aambiwe hivyo mapema asije akashtuka.

Pimeni mazingira ya kosa, kwa sababu hayo yanaonekana kila siku. Kila Jumatatu, ampuli ngapi za potasiamu zimekutwa wodini? Jibu linalotakiwa ni 0, na ikikutwa moja, tafuteni usiku upi mifuko iliisha. Vichupa vingapi vya insulini kati ya vilivyopo vina mabomba yake pembeni? Katika dozi 50 zilizoangaliwa wiki hii, ngapi mgonjwa alitaja jina lake mwenyewe? Ukatizaji mara ngapi kwa saa?

Kwa madhara yenyewe, msisubiri fomu. Fuatilieni dawa za uokoaji: kila mara glukosi ya 50% (ya sukari iliyoshuka) au naloksoni (ya opioidi iliyozidi) inapotoka kabatini, faili la mgonjwa yule lisomwe ndani ya siku mbili. Si kila mara ni kosa, lakini mtakuta mengi ambayo hakuna aliyeyaandika.

Chora nukta moja kwa wiki kwenye chati ya mstari, na ukishapata nukta 10 hivi weka mstari wa wastani wa kati, yaani ule wenye nusu ya nukta juu yake na nusu chini. Nukta 6 au zaidi mfululizo upande mmoja wa mstari huo ni mabadiliko ya kweli. Nukta moja iliyopanda si habari. Na wekeni kipimo cha kuangalia mmevunja nini kwingine: tangu ampuli ziondoke, mgonjwa mwenye potasiamu ya chini anasubiri muda gani kuanzia majibu ya maabara hadi dripu kuanza? Muda huo ukirefuka, mmehamisha hatari, hamjaiondoa.

Mabadiliko yenyewe yajaribiwe padogo. Toroli la kitandani: muuguzi mmoja, zamu moja, wagonjwa watatu. Mtagundua siku hiyohiyo kwamba halipiti kati ya kitanda cha 7 na ukuta. Bora kulijua hilo na toroli moja kuliko na kumi zilizokwisha kununuliwa.

---

Mkaguzi_wa_Ndani:

Samahani wakuu, nawasoma kwa makini lakini kuna kitu kinanikereketa. Kila kitu mfumo, mfumo. Ina maana hakuna tena mtu wa kuwajibika? Wapo wanaokuja kazini wamelewa.

---

Mpima_Kazi:

Yupo, mkuu. Aliyekuja amelewa, au aliyejua hatari akaipuuza bila sababu ya kikazi, ana taratibu zake za nidhamu na hakuna anayemtetea hapa. Kipimo cha kutenganisha kilielezwa na mwanasaikolojia James Reason: chukua wenzake watatu wenye ujuzi na uzoefu uleule, waweke kwenye hali ileile, taa ileile, droo ileile, uchovu uleule. Wangeweza kukosea vilevile? Kama jibu ni ndiyo, kumwadhibu huyu hakumlindi mgonjwa wa kesho, kwa sababu wa kesho atahudumiwa na mmoja wa wale watatu.

Katikati kuna kundi la tatu, na ndilo kubwa: njia za mkato. Wauguzi wote wa wodi wanasaini dawa kabla ya kuzitoa. Kabla ya kuita hilo utovu wa nidhamu, tafuta kinachowasukuma. Mara nyingi ni kwamba chati ziko sehemu moja na wagonjwa sehemu nyingine. Na uwajibikaji uende hadi juu: aliyejulishwa mara mbili kwa maandishi kwamba mabomba ya insulini yameisha na hakuagiza, naye aitwe kwenye kikao.

---

Kaunta_ya_Dawa:

Nimenakili yote. Moja la mwisho: mabomba yaliyokwisha kujazwa dawa yakiwekwa kwenye sinia bila lebo, mnashauri nini? Hilo nalo ni la kila siku.

---

Nusukaputi:

Sheria ni moja: bomba likitoka mkononi mwa aliyelijaza, lina lebo. Linalojazwa na kuchomwa hapohapo bila kuwekwa chini ndilo pekee linalosamehewa. Lebo iwe na jina la dawa na mkusanyiko kwa mililita, kwa mfano "mofini mg 1/ml", pamoja na jina la mgonjwa, saa na sahihi. Usiandike "mofini ampuli 1", kwa sababu aliyepokea zamu hajui uliongeza maji kiasi gani. Kwa adrenalini andika miligramu, achana na uwiano wa 1:1,000 na 1:10,000. Ya kwanza ni mg 1 kwa mililita na ya pili mg 0.1, na sifuri hizo zinapotea kirahisi kwenye dharura. Lebo ibandikwe ubavuni, sambamba na urefu wa bomba, isifunike alama za mililita.

Rola ya lebo na kalamu vifungwe kwa kamba palepale kwenye kaunta. Vikikaa ofisini hakuna atakayevifuata. Na bomba lisilo na lebo likikutwa kwenye sinia linamwagwa, hata kama mwenyewe amesimama pale anaapa kwamba ni salaini.